Nusu Saa ya Maji

Alhamisi iliyopita, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa uani kwangu hapa Ghubra nikimwagia mlonge maji ya udhu, simu ikalia. Mtu mzima, sauti ya adabu, akanisalimu kwa Kiarabu na kujitaja kuwa ni mtoto wa fulani, jirani yetu wa zamani kule kijijini juu ya Qurayyat. Mzee wake hajiwezi, akasema, na kuna jambo linamsumbua. Anataka kuja kuniomba msamaha kwa ajili ya athar ya bibi yangu.

Niliweka ndoo chini. Mwenzangu, mimi ni mtu mzima, nimezaa, nimeozesha, nimestaafu kazi ya serikali na watu wananiamkia barabarani. Lakini neno lile lilipopita kwenye simu nilihisi nyayo zangu ziko peku tena juu ya jiwe la mfereji, jiwe la moto, na mkononi nimeshika tambara la kanga lililolowa. Nikamwambia waje Jumamosi. Nikaongeza, nikitabasamu, kwa sauti tamu kabisa, kwamba kahawa itakuwa tayari.

Sasa ngoja nikueleze, maana bila ya kujua maji yalivyogawanywa hutojua kwa nini nilitabasamu.

Tulipokuja Oman kutoka Unguja, baba na mama walipata kazi mjini na chumba kimoja cha kupanga, kidogo, nami nikapelekwa kukaa na Bibi kijijini, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake. Shamba lenyewe usilione kubwa. Mitende kumi na moja, mndimu mmoja, migomba michache kando ya ukuta, matuta mawili ya mboga, mbuzi watatu na kuku wasiohesabika. Mvua tuliiona mara moja kwa mwaka, na kuna mwaka hatukuiona. Kila kilichoota pale kiliota kwa falaji, mfereji wa mawe uliotoa maji chini ya mlima na kuyapitisha mlangoni kwa kila mwenye haki. Haki hiyo ilipimwa kwa muda. Nusu saa moja ya maji waliiita athar, na Bibi alikuwa na athar moja, kila baada ya siku kumi.

Saa ya ukutani haikutumika. Uwanjani palisimama kijiti, na ardhini kulikuwa na mawe yamepangwa, na kivuli cha kijiti kikigusa jiwe letu, maji ni yetu. Kazi ya kukaa pale kukitazama kivuli ilikuwa yangu. Kikigusa tu, nilikuwa nakimbia mpaka kwenye tundu letu la mfereji, nang'oa jiwe, navuta lile tambara la kanga kuukuu ya Bibi lililoziba nyuma yake, na maji yanaingia. Yalikuwa na sauti yake, kama mtu anayecheka huku kafunga mdomo. Bibi alikuwa anasubiri na jembe, kajifunga kibwebwe, anayaelekeza: kwanza mndimu, halafu migomba, halafu mboga, mwisho mitende. Tone halikupotea. Nusu saa hiyo ndiyo tuliyoila siku kumi.

Na tulikula, wallahi. Tende tulizikausha juu ya dari na kuzishindilia kwenye makapu. Ndimu tulizichemsha kwa chumvi na kuzianika mpaka zikawa nyeusi na nyepesi, na mtu wa pwani akija na papa mkavu tulibadilishana naye. Dagaa wabovu aliotuletea kwa bure walikwenda kwenye mashina ya mitende. Dukani tulinunua mchele, sukari, mafuta na viberiti. Bibi alikuwa akisema shamba lile limemlea baba yake na litamlea yeye, na yeye hatomnyooshea mtu mkono.

Ukuta wa pili alikaa huyo jirani. Wakati huo alikuwa mwanamume wa makamo, mkimya, kanzu yake safi, na masikio makubwa yaliyojitokeza chini ya kofia. Shamba lake lilikuwa mara tano ya letu na maji yake hayakumtosha. Alizungumza Kiarabu tu, na cha Bibi kilikuwa Kiarabu cha kuokota, cha sokoni na cha swala, kwa hiyo maneno yao hayakuzidi salamu.

Siku moja mbuzi wake waliruka ukuta. Walikula kunde zote, wakakwangua maganda ya mndimu, wakavunja mgomba mmoja. Bibi alilia siku ile, kwa hasira. Kesho yake jirani akaja mlangoni, na nyuma yake kaja wakili wa falaji, yule msimamizi wa zamu za maji, na wazee wawili wa kijiji. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi nimeshika nguo yake. Jirani akainamisha kichwa, akasema pole pole, kila mtu asikie:

"Tisamhini fil-athar?"

Unisamehe athari? Hivyo ndivyo alivyosikia Bibi, na wewe uliyelelewa kwa Kiswahili ungesikia hivyo hivyo. Athari, madhara, uharibifu wa mbuzi. Mtu kaja na mashahidi wake, kanyenyekea, anaomba radhi kwa uharibifu. Bibi akaona uungwana mkubwa. Akanyanyua mkono akajibu kwa Kiarabu chake kilichochanganyika, "Nshakusamehe athari, nshakusamehe, duniani na akhera." Wazee wakatazamana. Mmoja akamwombea dua. Wakili akamwuliza mara ya pili, na Bibi, akifikiri wanamtilia shaka moyo wake, akasema tena kwa nguvu zaidi. Kisha akawapa tende.

Zamu yetu ilipofika nilikaa kwenye kijiti kama kawaida. Kivuli kikagusa jiwe, nikakimbia, nikang'oa jiwe, nikavuta tambara, na mkono mkubwa ukanishika kifundo cha mkono. Alikuwa jirani. Hakunifanyia ukali. Alilichukua tambara mkononi mwangu, akalirudisha kwenye tundu letu, akalishindilia kwa kidole gumba, akaweka jiwe. Maji yakapita mbele ya macho yangu yakaenda kwake. Kanga ya Bibi ndiyo iliyotuzibia.

Bibi alikwenda kwa wakili, kajitanda, mimi nikamfuata. Wakili hakuwa mtu mbaya. Alimweleza taratibu, na mwalimu wa chuo cha Qurani aliyekijua Kiswahili kidogo akamfasiria, kwamba ameisamehe athar yake, yaani kaiachia haki yake ya maji, kwa ulimi wake, mara mbili, mbele ya mashahidi watatu, na jirani alishawaambia njiani kwamba bibi huyu hana mwanamume wa kumsaidia shamba na amechoka na maji. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema neno ambalo nimelisikia tangu siku ile mpaka anakufa.

"Mie n'lisamehe mbuzi. Sikusamehe maji."

Mwalimu akafasiri. Wale wazee wawili, nao walikuwepo, wakasikitika, mmoja akasema ni bahati mbaya ya lugha, na lililosemwa limesemwa. Wakili akamshauri amwombe jirani kwa wema, pengine atamrudishia. Bibi akasema hapana, ahsante. Tulipofika nyumbani alivua kanga, akajifunga kibwebwe, akalitazama lile shamba letu dogo likipigwa na jua la adhuhuri, na akaniambia, "Tutakula. Na yeye atatuona tukila."

Nilidhani anajifariji. Kumbe alikuwa anaapa.

Kisima cha nyumbani tulikuwa nacho, kifupi, chenye maji ya chumvi kidogo, ya kuchota kwa kamba. Hicho ndicho kilichobaki. Migomba Bibi aliikata mwenyewe siku ile ile, kwa mkono wake, akawapa mbuzi wetu majani. Akasema mgomba ni mlevi na sisi hatuna tena cha kumnywesha. Akanituma kwa mfinyanzi kutafuta mitungi iliyotoboka au kuvunjika shingo, isiyouzika. Tuliifukia kwenye tuta la mboga mpaka shingoni, tukaijaza maji, tukaifunika vigae. Mtungi ulikuwa unatoka jasho chini kwa chini na mizizi inaufuata, juu udongo mkavu kabisa, hata magugu hayakupata kitu. Bilingani ziliota pale, na mchicha, na pilipili.

Maji ya udhu yalikwenda kwenye mndimu. Bibi alinifundisha kutawadha kwa kopo moja nikiwa nimesimama juu ya shina lake, na mpaka leo nikiona mtu kafungulia bomba anatawadha huku anazungumza, nataka kumpiga. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye mlonge, mti alioupanda kwa mbegu alizokuja nazo zimefungwa kwenye pindo la kanga, na mlonge ule ulikuwa haujali kitu. Ulipewa ulichopewa na ukatoa majani mwaka mzima. Tuliyapika kwa papa, kwa ndimu, kwa vitunguu, mpaka nikayachoka. Mitende ilinyauka mitatu. Minane ikashika, maana mizizi yake ilikuwa imekwenda mbali kuliko kiburi cha mtu. Usiku wa umande tulitandaza mawe kuzunguka mashina, Bibi akisema jiwe baridi linajua kuficha maji. Sijui kama ni kweli. Nilibeba mawe mpaka viganja vikachubuka, na kila jiwe nililiweka nikilitaja jina la jirani.

Nilikuwa na chuki, nakwambia ukweli. Chuki ya mtoto haina haya. Siku moja wanaume wako msikitini adhuhuri, nilikwenda kwenye mfereji nikavuta tambara letu nikayaacha maji yaingie. Nilisimama ndani yake. Nilikuwa nimeisahau sauti ile. Bibi alitoka jikoni akakuta udongo umelowa, akanitazama miguu, akajua. Hakunipiga. Alinipa ndoo, akanionyesha kisima, na akaniamuru nichote na kwenda kumwaga kwenye mfereji wa jirani, ndoo baada ya ndoo, mpaka yeye atakaposema basi. Nilichota nikamwaga, nikachota nikamwaga. Jirani akarudi kutoka msikitini akanikuta namimina maji kwake na Bibi kasimama kando kafunga mikono kifuani. Akauliza kuna nini. Bibi akanionyesha kisima tena.

Nyumbani nililia, nikamwuliza kwa nini tumrudishie mwizi. Akanifuta kamasi kwa pindo la kanga.

"Kwa sababu nnataka dhuluma yangu iwe safi," akasema. "Siku ya kiyama nikimshika kanzu, asije akapata la kun'jibu. Asije akasema, na wewe mjukuu wako alinchukulia ndoo mbili."

Basi ukadhani wewe mimi nimejitungia visasi. Nimefunzwa na fundi.

Ramadhani ilipoingia nikajua ufundi wake wote. Kijijini kila nyumba ilipeleka sahani kwa jirani kabla ya futari, na Bibi hakuacha hata siku moja. Alipika kutoka kwenye lile shamba kavu: bilingani za kukaanga, majani ya mlonge kwa papa, vitumbua vya mchele vilivyotiwa tende, achari ya ndimu. Alinifunikia kwa kawa na kuniambia, "Mwambie, hii imetoka shambani kwetu." Basi. Kila siku nilikuwa namsomea jirani maneno hayo kwa Kiarabu nilichojifunza skuli, na kila siku alipokea akitazama chini. Hakuweza kukataa. Sahani ya futari haikataliwi.

Siku ya nane au ya tisa, nimechoka, nina kiu, nimesimama mlangoni kwake na sahani ya moto, akachelewa kufungua. Alipotokea nikampa, nikasema maneno ya Bibi, halafu nikamalizia kwa Kiswahili, na tabasamu la mtoto mwema, "Kula, mwizi wee, masikio kama mapapai."

Mkono wake ukapanda ukashika sikio.

Ulipanda wenyewe, kabla hajauwahi. Akauteremsha mara moja, akajifanya anajikuna, lakini tulikuwa tumeshatazamana. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa. Nikaanguka nikainuka, nikakimbia mpaka kwa Bibi.

"Bibi! Anajua Kiswahili!"

Baadaye tulikuja kusikia kwa muuza halua mmoja kwamba ujanani alikaa Pemba miaka, akiuza nguo vijijini, na akarudi Oman mapema na hakupata kumwambia mtu. Lakini Bibi hakungoja muuza halua. Aliweka mwiko chini, akakaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi. Miezi yote ile alikuwa amejilaumu, alijiita mjinga asiyejua lugha, alijiuliza kama mkosaji ni yeye. Sasa akaelewa kwamba mtu yule alisimama mlangoni pake akachagua neno moja lenye milango miwili, akamfungulia yeye huu na mashahidi ule.

"Kumbe," akasema. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikukipenda.

Tangu siku ile hakumsemesha tena Kiarabu. Kila asubuhi, jirani akipita kwenda kwenye mfereji na wenzake, Bibi alikuwa anatoka mlangoni na kumwita kwa Kiswahili kizuri, kwa sauti ya upole, uso umejaa nuru, "Sabalkheri jirani yangu! Maji yangu hayajambo? Yanakunywesha vizuri?" Wenzake walimcheka kwa mapenzi bibi yule asiyejua kwamba mwenzao haelewi. Wakamfundisha jirani kuitikia kwa kichwa. Na yeye alitikisa kichwa, kila asubuhi, miaka, mpaka nikahamia mjini kusoma. Naambiwa Bibi hakuacha mpaka siku aliyoondoka kijijini.

Aliugua kwangu, hapa Ghubra. Siku zake za mwisho alinigawia alivyonavyo, sanduku, bangili mbili, mbegu za mlonge. Kisha akanishika mkono. "Na athari yangu nnakuachia wewe. Akija na neno lake, msikilize kwanza. Akisema maji, msamehe, nami nshamsamehe. Akisema jengine, wewe ushakuwa mkubwa."

Jumamosi wakaja. Mwanawe ni mtu mpole, mnene, ana mvi, kamshika baba yake kwapani kama unavyombeba mtoto anayejifunza kutembea. Mzee amebaki mifupa. Masikio yale yale. Niliwakaribisha sebuleni, nikamimina kahawa, nikaweka tende, na mbele ya mzee nikaweka gilasi ya maji, imejaa mpaka juu.

Mwanawe akazungumza Kiarabu. Alisema falaji lenyewe limekauka siku nyingi, watu walichimba visima vya pampu na maji yakashuka. Watoto sasa wanacheza mpira ndani ya mfereji, na wao wanaletewa maji kwa gari. Kile kijiti kimeng'olewa, na hapana hata mmoja anayejua kukisoma kivuli. "Athar yenyewe haipo, dada yangu," akasema. "Na bibi yako, Mungu amrehemu, alimpa mzee kwa ridhaa yake. Lakini mzee halali. Anataka kuisikia kwako."

Nikamgeukia mzee. Nikamwuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyozungumzishwa mgonjwa.

"Mzee wangu, wataka nikusamehe kitu gani?"

"Hajui Kiswahili," mwanawe akasema haraka, kwa kuniomba radhi.

"Najua," nikamjibu. Sikuyatoa macho kwa mzee.

Neno moja tu nililitaka. Maji. Silabi mbili, mtoto wa mwaka anazijua. Nakuapia ningemsamehe, Bibi alishanifungulia njia. Nilimpa muda wa kutosha. Alinitazama, akamtazama mwanawe aliyekua akimwamini, midomo ikatingishika, na akaiinamisha tena kofia yake. Halafu akasema kwa Kiarabu, kwa sauti iliyobaki, maneno yale yale aliyoyasema mlangoni pale.

"Tisamhini fil-athar."

Basi nikamnyanyulia mkono, kama Bibi.

"Athari nimekusamehe," nikasema. "Duniani na akhera."

Mwanawe akalishika lile neno moja alilolijua, samehe, akaruka kwa furaha, akanibusu kichwa, akalia, akamwambia baba yake, umesikia, amekusamehe, amekusamehe! Akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mjukuu wangu akachungulia kutoka chumbani.

Mzee hakulia. Mkono wake ulipanda, pole pole, ukashika sikio. Tukatazamana kama siku ile ya futari. Alijua kapewa mbuzi.

Utaniuliza kama nimeona raha. Nimeona, na sitokudanganya. Lakini walipoondoka nilikaa pale sebuleni nikafikiri kwamba duniani walikuwepo watu watatu tu waliojua neno lile lilivyogawanyika, na mmoja nimemzika na mwengine namzika kwa macho. Akenda huyu, hapatakuwa na mtu wa kumwambia sabalkheri. Mfereji mkavu, kivuli hakina jiwe la kugusa, na nusu saa ninayoishikilia haina maji ndani yake.

Gilasi hakuigusa. Niliichukua nikatoka nayo uani, nikaimwaga kwenye shina la mlonge, na nikaungoja udongo mpaka ukainywa yote.